Nikola Tesla na Rimoti Tano za Silver Spring

Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa fani yetu ya uhandisi, na mimi nilikuwa nimeshamchagua mjenzi mmoja wa madaraja. Lakini Jumamosi moja nikaenda Silver Spring kuwaamkia wenyeji wangu, mzee mmoja na mkewe, ambao wanafunzi wengi tuliopita eneo hili la Washington tumekula ubwabwa wao. Safari hiyo ndiyo iliyonibadilishia mada.

Mzee alikuwa na hom thieta mpya. Spika tano na lile boksi zito la besi, televisheni pana ukutani, na mezani kikapu cha ukindu, kile ambacho nyumbani tungekiwekea chapati, ndani yake rimoti tano. Moja ya televisheni, moja ya king'amuzi cha kebo, moja ya deki ya kuchezea diski, moja ya risiva inayosukuma zile spika, na moja ndogo ya kile kidude cha kuangalia filamu za intaneti. Mama alikuwa amezibandika plasta za kidonda na kuziandika namba kwa peni, moja mpaka tano, kufuata mpangilio wa kuzibonyeza. Wajukuu wakiwepo, sinema inaonekana. Wakiondoka, wazee wawili wanakaa mbele ya kioo cheusi, wanasikiliza redio.

Mzee akatoa boksi jingine ambalo lilikuwa kabatini miezi mitatu. Rimoti moja ya kuendesha vyombo vyote. Injinia ndiye huyu, amekuja mwenyewe! Shikamoo zikaisha, nikakabidhiwa kazi.

Jamani, nilidhani ni kazi ya robo saa. Nikaingiza kodi za kila chombo, nikatengeneza kitufe kimoja cha kuangalia filamu: washa televisheni, washa risiva, washa deki, hamisha njia. Nikabonyeza. Televisheni ikawaka, risiva ikazimika. Nikabonyeza tena. Risiva ikawaka, televisheni ikazimika. Mama akaniangalia kwa huruma, akaenda kuchungulia pilau.

Sababu niliijua, nikaona haya kwamba sikuikumbuka mapema. Kitufe chekundu cha rimoti nyingi hakisemi washa, wala hakisemi zima. Kinasema geuza ulivyo. Chombo kilichozimwa kitawaka na kilichowashwa kitazimika, na rimoti yenyewe haina habari hali ikoje, maana inatuma tu, haipokei jibu. Tatizo hili halikuanza na hom thieta. Lilikuwemo ndani ya rimoti ya kwanza kabisa niijuayo ya mawimbi ya redio, ile ya mwaka 1898, na aliyeitengeneza alikuwa mhamiaji kama sisi. Basi daraja na mjenzi wake nikawaacha.

Nikola Tesla alizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo Kroatia na wakati ule kilikuwa chini ya dola ya Austria. Watu wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi, na alitaka mwanawe naye awe kasisi. Mama yake, Đuka, hakujua kusoma, lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na alijiundia mwenyewe zana za kazi za nyumbani. Tesla aliamini kwamba kipaji chake kilitoka kwa mama huyu. Alikuwa na kaka aliyeitwa Dane, ambaye wote walimwona ndiye mwenye akili zaidi, na aliyekufa kwa ajali ya farasi Nikola akiwa bado mtoto mdogo.

Ukasisi aliukwepa kwa njia ya ugonjwa. Mwaka 1873 alipatwa na kipindupindu, akalala miezi, na baba alipoona mtoto anamponyoka akaahidi kwamba akipona atapelekwa chuo cha ufundi. Akapona. Mwaka 1875 akaingia chuo cha Graz, Austria. Hapo alimwona profesa wake akiendesha mashine ya umeme mnyoofu iliyokuwa ikitoa cheche kwenye vile vipande vinavyogusana, naye akasema labda mashine inaweza kutengenezwa bila vipande hivyo. Profesa akatoa somo zima kueleza darasa kwa nini haiwezekani. Nadhani wengi wetu tumeshakaa kwenye darasa kama hilo.

Usidhani alikuwa malaika. Huko Graz alianza kusoma usiku na mchana, halafu akaingia kwenye kamari, akapoteza fedha na hakumaliza shahada. Kwa muda aliwakimbia hata wazazi wake. Baba yake alifariki mwaka 1879. Hakuna digrii ya Graz katika maisha ya Tesla, na hili nalisema kwa ajili ya wenzetu wanaoficha habari za masomo yaliyokatika njiani wakidhani wako peke yao.

Jibu la profesa alilipata mwaka 1882 huko Budapest. Alikuwa akitembea bustanini na rafiki yake jioni, ghafla akachukua kijiti na kuchora mchangani. Wazo lenyewe ni hili: ukizungushia chuma koili kadhaa, kila moja ikapewa umeme geu unaochelewa kidogo nyuma ya mwenzake, usumaku wenyewe unazunguka bila kitu chochote kugusana, na chuma kilichoko katikati kinaufuata. Hakuna cheche. Ndiyo mota iliyomo leo katika kinu cha kusaga mahindi na pampu ya maji pale kwenu.

Akafanya kazi Paris katika kampuni ya Edison, halafu Juni 1884 akashuka New York. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa na senti nne mfukoni. Alimfanyia kazi Edison kama nusu mwaka, akaondoka. Kuna hadithi nyingi za bonasi aliyoahidiwa na kunyimwa, na zinapingana, kwa hiyo nazipita. Lililo muhimu zaidi kwetu ni lililofuata. Wafanyabiashara wawili walianzisha naye kampuni ya taa huko Rahway, New Jersey. Tesla alibuni taa, mji ukawashwa, na hataza zake akaziandikisha kwa jina la kampuni, naye akapewa hisa. Kazi ilipokwisha, wale wawili wakaona hawamhitaji tena. Akabaki na karatasi ya hisa isiyo na thamani, na hataza za kichwa chake mwenyewe si zake tena.

Majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887, Tesla alichimba mitaro New York kwa dola 2 kwa siku. Kwa lugha yetu ya ughaibuni, alibeba boksi. Alikuwa na miaka thelathini. Mimi nina miaka thelathini, na nilipofanya hesabu hiyo kwenye zulia la Mzee, na rimoti tano zimenizunguka, nilinyamaza kidogo.

Aliyemtoa mtaroni, kama inavyosimuliwa, ni msimamizi wa kazi, ambaye alimsikiliza na kumpeleka kwa Alfred Brown, mtu wa kampuni ya simu za maandishi. Brown na mwanasheria Charles Peck wakampa maabara mwaka 1887. Mwaka uliofuata hataza za mota zikatoka, George Westinghouse akazinunua, na ile vita maarufu ya umeme geu na umeme mnyoofu ikaendelea mpaka Edison akazidiwa. Nyote mmeisoma shuleni. Maonyesho ya Chicago ya 1893 yaliwashwa kwa umeme geu, na Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo. Umeme wa Owen Falls, wa Kidatu, wa Masinga, wote ni wa ukoo huo. Mwaka 1897 Westinghouse alimaliza hesabu na Tesla kwa malipo ya mara moja, takriban dola 216,000. Kile kisa cha Tesla kuchana mkataba wake mbele ya Westinghouse kwa urafiki ni kitamu kukisimulia, ila mimi ningependa kuona vipande vya karatasi kwanza.

Tufike kwenye rimoti.

Mwaka 1898, Marekani ikiwa vitani na Hispania, Tesla aliweka kidimbwi cha maji katika Madison Square Garden, New York, na ndani yake boti ya chuma yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja. Ndani ya boti mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, mota nyingine ya kukata usukani, na taa. Hakukuwa na waya wowote kati yake na boti. Alisimama na kisanduku chake, akakigusa, boti ikakata kushoto, ikakata kulia, ikasimama, taa zikawaka na kuzimika. Watu hawakuwa na neno la kuliita jambo lile. Inasimuliwa kwamba wengine walisema ni uchawi, wengine ni nguvu za mawazo, na wengine eti kuna tumbili aliyefunzwa amefichwa ndani. Tesla naye, mtu wa kupenda maonyesho, aliwaachia waiulize boti maswali ya hesabu, na taa zikajibu kwa kuwaka idadi inayotakiwa.

Sasa tuifungue, maana utamu uko ndani. Redio ya wakati ule haikuwa na valvu wala transista. Kipokezi kilikuwa kopo dogo lenye chembe za madini. Wimbi likifika, chembe zinashikana na kupitisha umeme. Tatizo ni kwamba zikishashikana haziachani, kwa hiyo Tesla alitengeneza kopo lijipindue lenyewe kila baada ya ishara, chembe zikatawanyika, likawa tayari kwa ishara nyingine. Kila ishara ilisogeza gurudumu hatua moja, na gurudumu ndilo lililoamua: hatua ya kwanza usukani uende upande huu, ya pili usimame, ya tatu urudi upande ule, ya nne usimame tena. Halafu mzunguko unaanza upya.

Umeona? Ishara ilikuwa ya aina moja tu. Haikusema kushoto wala kulia, ilisema songa mbele hatua moja. Mwenye kisanduku ilimbidi akumbuke boti iko hatua ya ngapi. Akipotea hesabu, anataka kushoto boti inakwenda kulia. Ni kitufe chekundu cha risiva ya Mzee, miaka mia na zaidi kabla ya Mzee kuinunua.

Hataza aliiomba Julai 1898 na akapewa tarehe 8 Novemba mwaka huo huo, namba 613,809. Tesla alisimulia kwamba mkaguzi mkuu hakuamini maelezo, ikabidi asafiri mpaka New York aione boti kwa macho yake. Ofisi ya hataza wakati ule ilikuwa katika lile jengo kubwa la nguzo nyeupe Washington, ambalo leo ni jumba la makumbusho ya picha. Ukipanda treni ya Red Line pale Silver Spring, ukashuka Gallery Place, unatokea ubavuni mwake. Mimi nimepita hapo mara nyingi nikikimbilia kubadilisha treni, sikujua. Baadaye Tesla alikwenda Washington kuiuzia serikali uvumbuzi huo, boti za vita zisizo na mabaharia, na ofisa aliyempokea akaangua kicheko. Jeshi halikununua. Leo, katika dunia ya ndege zisizo na rubani, sijui ofisa yule angecheka nini.

Na kuna mkasa wa mtaani kwetu hapa. Mwaka 1942, Tesla akiwa bado hai, maabara ya siri ilifunguliwa Georgia Avenue, Silver Spring, katika jengo lililokuwa la kuuzia magari yaliyotumika. Wahandisi wa Johns Hopkins walikuwa wakiweka redio ndogo ndani ya mzinga wa bunduki kubwa, ili ulipuke wenyewe ukiikaribia ndege. Ofisi za Washington sasa zilikuwa zimeacha kucheka.

Tesla aliujua udhaifu wa boti yake. Alijua pia kwamba mtu mwingine mwenye mtambo angeweza kuiingilia. Kwa hiyo mwaka 1900 aliomba hataza nyingine mbili, zikatoka 1903, za mfumo ambao kipokezi hakijibu mpaka kipate masafa mawili au zaidi kwa pamoja. Likija moja peke yake, kimya. Ni kufuli la funguo mbili. Humo ndimo lilimo wazo la kila chombo kuitikia jina lake na kupuuza la jirani. Rimoti za leo zinatumia miale ya infraredi badala ya redio, inayopepesa kama mara 38,000 kwa sekunde ili isichanganyike na mwanga wa taa. Katika mtindo mmoja unaotumika sana, kila ukibonyeza zinatoka biti 32: kwanza anwani ya chombo, kisha anwani hiyo hiyo iliyopinduliwa kwa uhakika, kisha amri, kisha amri iliyopinduliwa. Televisheni inasikia kila kitu kinachosemwa sebuleni, inajibu pale tu ilipotajwa.

Baada ya boti, maisha yake yaliteremka. Mwaka 1899 alikuwa Colorado Springs akitengeneza radi za kienyeji. Mwaka 1901 alipata dola 150,000 za J. P. Morgan, akaanza mnara wa Wardenclyffe, Long Island, aliotaka urushe habari na hata umeme duniani kote bila waya. Desemba mwaka huo huo Marconi akavusha ishara Atlantiki kwa mitambo ya bei nafuu zaidi. Morgan hakuongeza fedha. Mnara haukumalizika, ardhi ikachukuliwa kwa deni la hoteli, na mwaka 1917 ukabomolewa. Hapa simtetei. Kusukuma umeme hewani kwa namna aliyoitaka kulikuwa na kasoro ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuzionyesha leo, naye hakupenda kuonyeshwa.

Hakuoa. Alihama hoteli hadi hoteli akiacha madeni, akiwalisha njiwa bustanini na kuwauguza chumbani. Kuanzia 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia kodi ya chumba katika hoteli ya New Yorker. Alifia humo, chumba 3327, tarehe 7 Januari 1943, peke yake, akiwa na miaka 86.

Na sasa lile ambalo limenikaa rohoni kuliko yote. Tesla alikuwa raia wa Marekani tangu tarehe 30 Julai 1891, zaidi ya nusu karne. Alipokufa, mali na karatasi zake zilichukuliwa na ofisi iliyokuwa ikishughulikia mali za wageni. Wageni! Mtu ambaye umeme wake ulikuwa unawasha taa za ofisi hiyo. Serikali ikamwita mhandisi wa MIT, John G. Trump, ambaye ni baba mdogo wa Donald Trump, azipekue kama kuna silaha za siri. Akaripoti kwamba hakuna cha kutisha. Miezi michache baadaye, Juni 1943, Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua sehemu za hataza ya Marconi ya redio kwa sababu Tesla na wenzake wawili walitangulia. Hukumu ilitoka mwenye nayo ameshachomwa. Karatasi zikaishia Belgrade, katika makumbusho yenye jina lake, na majivu yake yakafuata mwaka 1957. Mwaka 1960 kipimo cha nguvu ya usumaku kikapewa jina tesla, ndiyo ile T tunayoiandika kwenye mitihani bila kumfikiria mtu.

Nirudi sebuleni. Dawa ya kitufe kinachogeuza ni kutafuta kodi zinazojitegemea, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Vyombo vingi vinazo, ila rimoti vilivyokuja nayo haina vitufe vyake. Risiva ya Mzee ilikuwa nazo, na televisheni pia. Deki haikuwa nazo, nikaidanganya: nikaipa amri ya kucheza, ambayo huiwasha kama imelala na haiizimi kama iko macho. Nikaweka subira ya sekunde nne baada ya risiva kuwaka, maana ukiipa amri ya kubadili njia kabla haijaamka haisikii. Ikafanya kazi mikononi mwangu, mikononi mwa Mama ikakataa. Kumbe Mama akishabonyeza anaishusha rimoti magotini, na amri tatu za mwisho zinakwenda kwenye zulia. Infraredi inataka kuona njia. Kama vyombo vyako viko ndani ya kabati la mbao, usinunue ya infraredi peke yake. Tafuta yenye redio na kisanduku cha kupokelea ndani ya kabati, kama boti. Na kabla hujalipa hela, hakikisha inaweza kujifunza kodi kutoka rimoti ya zamani, kwa sababu kila nyumba ina chombo kimoja ambacho hakimo kwenye orodha ya kiwanda.

Tulikubaliana Mama aishike mbele mpaka picha itokee. Pilau ikaletwa. Mzee akauliza huyo Tesla aliacha watoto wangapi, nikamwambia hakuacha hata mmoja, akatikisa kichwa na kuongeza sauti ya filamu. Kodi zote nimeziandika kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya kifuniko cha betri, ili mwanafunzi mwingine atakayekwenda kula pale baada yangu asianze upya.